Barua ya Wazi kwa Wamiliki na Uongozi wa Milwaukee Bucks Kuhusu Kubaki kwa Giannis

Kwa Waheshimiwa Wamiliki, Meneja Mkuu na viongozi wote wa klabu ya Milwaukee Bucks,
Fiserv Forum, Milwaukee, Wisconsin.

Oktoba 2025

YAH: KUBAKI AU KUONDOKA KWA GIANNIS ANTETOKOUNMPO

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naomba mnisikilize. Mimi ni mkazi wa Milwaukee, mzaliwa wa Tanzania, na shabiki wa Bucks, timu yetu ya mpira wa kikapu katika ligi ya NBA, tangu majira ya baridi ya 2013, katika msimu ambao timu ilishinda michezo 15 na kupoteza 67, matokeo mabaya kuliko yote katika historia ya klabu. Haya ninayoyaandika tumekuwa tukiyasema kwenye viti vya uwanjani, kwa vinyozi na nje ya makanisa na misikiti kwa zaidi ya miaka miwili, na hayajafika yanakopaswa kufika. Ndiyo maana leo nayaweka hadharani, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo katika mji huu inasemwa na familia nyingi zilizotoka Kongo, ambazo watoto wao huenda shule wakiwa wamevaa jezi namba 34 ya Giannis.

Msimu mpya unaanza mwezi huu na swali ni lile lile: je, Giannis, nyota wa timu yetu, atabaki? Mkataba aliouongeza Oktoba 2023 unamfunga hadi mwisho wa msimu wa 2026-27, na msimu unaofuata ni hiari yake mwenyewe, kwa hiyo kiangazi cha 2027 anaweza kufunga mizigo yake bila ninyi kupata chochote. Imeripotiwa kwamba Agosti mwaka huu mlizungumza na New York Knicks juu yake. Tangu hapo mjadala wote umemwelemea yeye: ana moyo au hana, atakuwa mwaminifu kwa mji mdogo au atakimbilia taa za mji mkubwa. Mimi naamini swali hilo limepelekwa kwa mtu ambaye amekwisha kulijibu. Naomba kulileta kwenu.

Takwimu zake mnazijua kuliko mimi, lakini niruhusuni niwakumbushe mtu mwenyewe. Alizaliwa Athens mwaka 1994 na wazazi waliotoka Nigeria, akakua bila uraia wa nchi yoyote, akiuza saa na miwani barabarani pamoja na ndugu zake kama wafanyavyo wamachinga wetu wa Kariakoo, na uraia wa Ugiriki aliupata mwaka 2013, wiki chache kabla ya kuchaguliwa wa 15 katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Novemba ile, siku ya mechi, alikwenda kutuma fedha kwao, akatuma zote, akabaki bila hata nauli ya teksi, akaanza kukimbia kwenye baridi kuelekea uwanja wa Bradley Center, hadi watu wa mji huu waliokuwa wakipita na gari walipomtambua na kumpa lifti. Sisi tuliokuja hapa huku nyuma tumeacha mama na wadogo zetu hatuhitaji kuelezwa uzito wa kisa kile, kwa kuwa kila mmoja wetu ana siku yake ambayo alituma zote. Tulimpenda tangu wakati ule, alipokuwa bado kijana mwembamba asiyejulikana kama atafaa.

Baada ya hapo alisaini kubaki Milwaukee mara tatu. Alisaini mwaka 2016. Alisaini Desemba 2020 kwa miaka mitano na dola milioni 228, wakati ambapo watu walikwisha kumpangia miji mingine ya kwenda, na miezi saba baadaye, tarehe 20 Julai 2021, aliwafunga Phoenix Suns pointi 50, akiingiza mitupo huru 17 kati ya 19 ingawa mashabiki wa viwanja vya ugenini walikuwa wakimhesabia sekunde kwa sauti kila aliposimama kwenye mstari, na mji ukapata ubingwa wake wa kwanza tangu 1971. Akasaini tena Oktoba 2023. Mtu aliyeweka saini yake mara tatu haulizwi tena juu ya uaminifu wake. Anayeulizwa ni yule aliyekabidhiwa saini hizo na akazifanyia kazi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlipokuwa na nafasi nzuri kuliko zote, mlihesabu senti.

Msimu wa 2018-19 timu ilishinda michezo 60, ikafika fainali ya Kanda ya Mashariki, ikaongoza mbele ya Toronto kwa michezo miwili bila, kisha ikapoteza minne mfululizo. Kiangazi kile kile mlimwachia Malcolm Brogdon aende Indiana kwa mkataba wa miaka minne na dola milioni 85. Huyu alikuwa mchezaji wa raundi ya pili aliyegeuka Mchezaji Chipukizi Bora wa mwaka 2017, mtulivu, mlinzi anayejua kukaba na kutupa. Watanzania wenzangu wanamkumbuka kwa visima vya maji vilivyochimbwa kule kwetu kupitia mradi wake, na mimi namkumbuka pia kama mtu wa kwanza ambaye Giannis alimpoteza kwa sababu ya hesabu ya kodi ya anasa, ile tozo ya ligi kwa timu inayolipa mishahara kupita kiwango. Miaka miwili baadaye, kabla shangwe za ubingwa hazijatulia, P. J. Tucker, aliyemkaba Kevin Durant mchujo mzima dhidi ya Brooklyn, naye aliondoka kwenda Miami.

Nakiri, na nataka ieleweke kwamba nakiri, kwamba baadaye mlilipa kodi hiyo kwa misimu kadhaa na hamkuwa wachoyo. Lakini naomba tukumbuke pia fedha hizi zinatoka wapi. Marehemu Herb Kohl aliwauzia klabu mwaka 2014 kwa dola milioni 550 kwa sharti kwamba ibaki Milwaukee, akaongeza dola milioni 100 zake mwenyewe kwa ajili ya uwanja mpya. Umma ukatoa dola milioni 250 kwa uwanja huo huo. Mwaka 2023, hisa zilipouzwa kwa familia ya Haslam, klabu ilithaminiwa kwa dola bilioni 3.5. Thamani imepanda zaidi ya mara sita katika miaka tisa, na sidhani kama kuna kiongozi kati yenu anayeweza kusimama na kusema kwamba ilipanda kwa sababu nyingine iliyo kubwa kuliko yule kijana aliyekosa nauli.

2. Mmekopa harusi, na sasa mnalipa matanga.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia.

Novemba 2020 mlitoa nafasi tatu za drafti za raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana nyingine mbili (wenzenu wakichukua iliyo bora) ili kumpata Jrue Holiday. Sina neno juu ya biashara ile, kwa kuwa ilileta ubingwa, na mpira ambao Holiday alimpokonya Devin Booker wa Phoenix katika mchezo wa tano wa fainali ya 2021 kisha akampa Giannis ni kumbukumbu ambayo nitazeeka nayo. Lakini Septemba 2023 mlikopa tena juu ya mkopo. Mlimtoa Holiday yule yule, pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza ya 2029 na haki ya kubadilishana nafasi za 2028 na 2030, ili kumpata Damian Lillard wa Portland, aliyekuwa na umri wa miaka 33. Portland wakampeleka Holiday Boston, na miezi tisa baadaye Holiday alikuwa bingwa kwa jezi ya kijani, huku sisi tukiwa tumetolewa raundi ya kwanza.

Lillard ni mchezaji mkubwa na simsemi vibaya. Aliumwa ugonjwa wa damu kuganda, akarudi mapema kuliko ilivyotarajiwa ili awepo kwenye mchujo, na Aprili mwaka huu kano ya kisigino chake ikakatika mbele ya macho yetu, katika uwanja wetu. Kilichofuata ndicho kinachohitaji maelezo. Julai mlimtema, na takriban dola milioni 113 alizokuwa akiwadai mkazitandaza kwa miaka mitano, ili mpate nafasi ya kumsajili Myles Turner kutoka Indiana. Maana yake ni kwamba kila mwaka hadi mwisho wa muongo huu, zaidi ya dola milioni 22 za bajeti ya kikosi zitakwenda kwa mtu asiyevaa jezi yetu.

Sasa tazameni hali ilivyo. Lillard amerudi Portland. Holiday, baada ya kupita Boston, kiangazi hiki naye amepelekwa Portland. Nafasi za drafti tulizotoa katika biashara ile zilikwenda Portland. Mji ambao nao ni soko dogo kama sisi umebaki na wachezaji wote wawili wa biashara ile na mustakabali wetu juu yake. Hata kama Giannis angeondoka kesho na sisi tukaanza kujenga upya kwa kupoteza michezo, kama zifanyavyo timu nyingine zinapotaka chipukizi bora, matunda ya kufungwa kwetu yangevunwa na wengine. Mmeufikisha mji mahali ambapo hauwezi kushinda vizuri wala kushindwa kwa faida, na katika hali hiyo ndipo mnapomtaka mtu mmoja, atakayetimiza miaka 31 Desemba hii, aonyeshe uaminifu.

3. Makocha watatu ndani ya miezi tisa.

Mike Budenholzer, kocha wa ubingwa, aliondolewa Mei 2023 baada ya kufungwa na Miami. Adrian Griffin aliajiriwa, akaondolewa Januari 2024 akiwa ameshinda michezo 30 na kupoteza 13. Doc Rivers akaja, na katika michezo iliyobaki ya msimu ule wa kawaida timu ikashinda 17 na kupoteza 19. Kama Griffin hakufaa, aliyemchagua naye aeleze alitumia kipimo gani.

4. Vijana hawakuzwi.

Tangu mlipomchagua Giannis mwaka 2013, hakuna hata mchezaji mmoja wa raundi ya kwanza mliyemchagua aliyegeuka nyota akiwa na jezi yenu. Jabari Parker alivunjwa na magoti yake, na huo ni msiba wala haukuwa uzembe wa mtu. Lakini Rashad Vaughn, Thon Maker wa kutoka Wau, Sudan Kusini, D. J. Wilson na MarJon Beauchamp walipita kama wageni wa usiku mmoja. Donte DiVincenzo, ambaye angalau alionyesha dalili, mlimtoa Februari 2022 ili kumpata Serge Ibaka aliyekuwa ukingoni mwa safari yake, na alipofika New York akaweka rekodi ya klabu ile ya mitupo ya pointi tatu katika msimu mmoja. Mnayo timu ya malezi, Wisconsin Herd, pale Oshkosh, mwendo usiofika saa mbili kwa gari. Soko dogo haliwezi kuishi kwa kununua, ni lazima lizae.

5. Tunasikia habari zenu kwa watu wengine.

Khris Middleton alikaa na Giannis tangu 2013, walipokuwa wote wawili hawana jina, na Februari mwaka huu alipelekwa Washington ili aje Kyle Kuzma. Huenda sababu za kifedha zilikuwa nzito, kwa maana mkataba wa ligi wa 2023 umeweka kizingiti cha pili cha matumizi ambacho kinaibana vibaya timu inayokivuka. Mtu anayekata tiketi kila msimu angependa kuelezwa hivyo na nyinyi wenyewe kwa kirefu, badala ya kuokota vipande vipande kwa waandishi wa mbali wanaopewa siri na watu wasiotajwa. Na sasa ni zamu ya Giannis kujadiliwa kwa njia hiyo hiyo.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, na ni haki yenu nikiyazingatia.

Mtasema kwamba Milwaukee ni soko dogo. Ni kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu takriban watu 577,000 katika mji huu, baridi yetu haina mvuto, na mchezaji huru mwenye uchaguzi mara nyingi huchagua pwani. Lakini fainali ya mwaka huu ilichezwa kati ya Oklahoma City na Indiana, na Oklahoma City ndio mji uliomzika nyota wake Durant akiwa hai mwaka 2016 alipokwenda Golden State. Hawakukaa kulaumu. Walimpata Shai Gilgeous-Alexander mwaka 2019 kwa kumuuza Paul George wakati ufaao, wakakusanya nafasi za drafti kama mkulima anayetunza mbegu, na mwaka huu wamekuwa mabingwa. San Antonio nao walikaa na Tim Duncan misimu 19 na kuchukua vikombe vitano, na sijapata kusikia kwamba mji wao ulikuwa na fukwe.

Mtasema ni majeraha. Shavu la mguu la Giannis Aprili 2024, goti la Middleton 2022, kisigino cha Lillard mwaka huu: nayakubali yote. Hata hivyo kikosi cha watu waliovuka miaka thelathini kinapoumia mwezi wa Aprili katika miaka mitatu kati ya minne, mpangaji wa kikosi hawezi kushangaa kila mara kana kwamba ni jambo geni.

Na mtasema, pengine kwa sauti ya chini, kwamba yote mliyafanya kwa ajili yake, kwa kuwa kiangazi cha 2023 alitamka wazi kwamba hatasaini mpaka aone nia ya kushinda. Jibu hili ndilo gumu kuliko yote, na nimelitafakari sana. Ni kweli kwamba nyota anayeogopwa hugeuka bila kukusudia kuwa mwenye kuamua, na kila mtu ndani ya jengo huanza kununua miezi sita ya utulivu kwa bei ya miaka sita ijayo. Lakini yeye kazi yake ni kucheza na kutaka kushinda. Kumwambia kwamba biashara hii itatuumiza mwaka 2028 ilikuwa kazi yenu. Septemba hii aliiongoza Ugiriki kupata medali ya shaba katika mashindano ya Ulaya, medali ya kwanza ya nchi ile tangu 2009, akiwa na wenzake ambao wengi hawana umaarufu wake. Aliyeiona furaha yake siku ile anaelewa kwamba anachodai ni timu inayojengwa kwa ukweli.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, mjitokeze wenyewe, wamiliki na meneja mkuu, mbele ya watu wa Milwaukee kabla ya Mwaka Mpya, mweleze mpango wa kikosi hadi 2030, ikiwa ni pamoja na deni la Lillard na nafasi za drafti ambazo si zetu tena.

Pili, msiuze nafasi ya drafti ya 2031 wala ya 2032 kwa ajili ya kiraka cha msimu mmoja. Hata kama Giannis mwenyewe ataomba, kaeni naye mumwambie kwa nini hapana. Naamini mtu aliyesaini mara tatu atalipokea jibu la kweli.

Tatu, wekezeni kwenye malezi ya vijana pale Oshkosh na kwenye jopo la wasaka vipaji, Afrika ikiwemo, kwa kuwa klabu hii iliokolewa na mtoto wa wahamiaji wa Kiafrika ambaye timu 14 zilimpita.

Nne, na hili naomba mlisome mara mbili: akisema anataka kuondoka, mwacheni aondoke kwa heshima. Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa ubingwa wa 1971, aliomba kuhama Oktoba 1974, na Juni 1975 akapelekwa Los Angeles. Mji uliumia, lakini katika wachezaji wanne waliokuja kwa ajili yake walikuwemo Brian Winters na Junior Bridgeman, ambao jezi zao zinaning'inia leo darini mwa uwanja wetu pamoja na namba 33 ya Kareem mwenyewe, na Bridgeman alirudi mwaka jana kama mmoja wa wamiliki wenzenu kabla ya kufariki Machi mwaka huu. Lillard naye aliomba kuondoka Portland baada ya misimu 11, na miaka miwili baadaye alipokelewa kama mtoto wa nyumbani. Kuondoka kwa uwazi hakuvunji undugu. Kinachouvunja ni minong'ono inayopandwa kwenye vyombo vya habari ili siku ya kuagana lawama imkute mchezaji peke yake, na kama kuna yeyote kati yenu aliyeanza kuandaa maneno ya namna hiyo, namsihi ayaweke chini.

Mimi natumaini atabaki. Nimekwisha kukata tiketi ya mechi ya kwanza ya nyumbani, mimi na binti yangu mwenye miaka minane, ambaye hajui Milwaukee isiyo na Giannis. Tutakaa juu kabisa, kule viti vinakopatikana kwa bei yetu, na tutasubiri kusikia kutoka kwenu.

Wenu katika mchezo,

Shabiki wa Bucks,
Milwaukee.